Droni inaangusha kijiti kabla sekunde iishe: tununue kompyuta ya AI?

"Habari injinia. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili karibu na Kakamega na niko na klabu ya roboti. Vijana waliona video ya droni imesimamisha fimbo juu yake na fimbo haianguki, wakasema lazima tufanye hiyo. Tuko na droni ya fremu F450, mota za 2212, propela za inchi 10, betri ya 3S (seli tatu) na Pixhawk ya kuiga, ile bodi inayoongoza droni, yenye programu ya ArduPilot. Tumeweka kikombe kidogo juu katikati, na ndani tunasimamisha kijiti cha mbao cha sentimita 40 chenye mpira wa rangi ya machungwa kwa ncha. Webcam inaangalia huo mpira kwa programu ya OpenCV, laptopu inapiga hesabu ya PID (ya kurekebisha kosa) halafu inatuma amri kwa redio ya telemetri. Bila kijiti droni inaruka vizuri. Tukiweka kijiti, hata sekunde moja haiishi kimeanguka. Tumeongeza P, yaani nguvu ya kurekebisha, mpaka droni ikaanza kutetemeka na mota zikapata moto. Kijana mmoja aliyemaliza kwetu anasema PID ni mambo ya zamani, tununue Jetson, ile kompyuta ndogo ya AI, tuifundishe kwa AI. Hiyo pesa ni ya wazazi, naogopa kuimwaga bure, na mkuu wa shule ameanza kuuliza ni propela ngapi tumevunja. Je, hii kitu inawezekana kwetu ama ni ya watu wa Ulaya wenye maabara?"

Mwalimu, shikamoo na pole kwa propela. Nikikusoma vizuri unaogopa vitu viwili: kwamba droni yenu haina akili ya kutosha, na kwamba akili yenyewe inauzwa bei ambayo shule haiwezi. Nianze na la pesa ndio ulale vizuri: msinunue Jetson, angalau sio ya hii kazi. La pili, inawezekana kabisa hapo Kakamega, lakini sio kwa huo mpangilio mko nao sasa, na hata mkiufanyia tuning (kubadilisha namba za PID) mpaka Krismasi utawaangusha tu.

Hebu tuanze na hiyo video yenyewe maana naona ndio imechanganya watu. Nadhani ni ile ya ETH Zurich huko Uswisi, ya Markus Hehn na Raffaello D'Andrea, kazi waliyotoa mwaka 2011. Kijana wako akiambiwa hapo hakukuwa na AI yoyote ya maana anayofikiria atashangaa. Walichukua hesabu ya droni na hesabu ya fimbo, wakazirahisisha karibu na pale fimbo imesimama wima, wakatafuta geini, yaani namba za kuzidishia, kwa njia inaitwa LQR ambayo wanafunzi wa uhandisi wanafundishwa tangu miaka ya 60 na kitu. Ni namba chache za kuzidisha na kujumlisha, simu ya kawaida inaweza kuzipiga ikiwa imelala. Kile walikuwa nacho ambacho nyinyi hamna ni macho. Ule ukumbi wao unaitwa Flying Machine Arena, mita 10 kwa 10 kwa 10, umezungushiwa kamera za infraredi zinazoona vialama vidogo kwenye droni na kwenye fimbo zaidi ya mara 200 kwa sekunde, kwa usahihi wa milimita. Kwa hivyo pesa iko kwa macho, ubongo ni wa bei rahisi. Nyinyi mmeshauriwa kununua ubongo.

Sasa kwa nini macho yanasumbua hivyo? Fanyeni hii kesho darasani, haina gharama. Mwambie mwanafunzi asimamishe kalamu kwa kidole, haiwezekani. Mpe mwiko, inawezekana kidogo. Mpe ufagio mrefu wa kufagia kwa kusimama, na ile sehemu nzito ya kufagilia iwe juu, hapo karibu kila mtu anaweza. Halafu mwambie aendelee lakini afunge macho. Darasa lote litacheka lakini jibu la swali lako liko hapo lote: urefu wa fimbo, uzito umekaa wapi, na kuona kwa wakati.

Kwa hesabu ni hivi. Fimbo iliyo karibu na wima haianguki kwa mwendo wa kawaida, inaanguka kwa kujizidisha, yaani pembe inakuwa mara mbili, halafu mara mbili tena, kila baada ya muda fulani ule ule. Huo muda unategemea urefu na mahali uzito umekaa, mbao yenyewe kuwa nzito ama nyepesi haijalishi. Kwa kijiti chenu cha sentimita 40 unapata kama sekunde 0.11 (chukua mzizi wa 2L gawa kwa 3g, zidisha kwa 0.69, wewe ni mwalimu wa fizikia utaithibitisha mwenyewe kwa dakika mbili). Kwa hivyo ikianza na digrii 1, baada ya sekunde 0.11 iko 2, halafu 4, halafu 8, na kabla nusu sekunde iishe iko 16, hapo kwaheri. Fimbo ya mita 1.2 inachukua karibu sekunde 0.2 kuwa mara mbili. Na ukichukua bomba jepesi sana la mita 1.2 uweke kauzito kadogo kwa ncha ya juu, inakaribia sekunde 0.24. Watu wengi hapo wanabisha, wanasema uzito juu unaifanya ianguke haraka. Hapana, inafanya ianguke polepole, ndio maana ufagio umegeuzwa ni rahisi kuliko umewekwa sawa.

Weka hiyo 0.11 kando kwanza tuhesabu kuchelewa kwenu. Webcam ya kawaida ni fremu 30 kwa sekunde, kwa hivyo kila picha inakuja baada ya milisekunde 33. Ongeza muda wa kamera kufungua jicho, na ndani ya darasa lenye mwanga hafifu inafungua kwa muda mrefu zaidi, ongeza USB, ongeza OpenCV kutafuta rangi ya machungwa, ongeza redio ya telemetri ambayo haikutengenezwa kwa haraka, ilitengenezwa kukuambia betri imebaki ngapi. Hiyo yote kwa urahisi inafika milisekunde 100 hadi 150 na wakati mwingine inapita, na mbaya zaidi haikai sawa, saa hii ni 90 saa ingine ni 200. Yaani amri inayofika kwa droni inahusu fimbo ya zamani, ile ya sasa pembe yake tayari ni mara mbili ama zaidi. Hata mkipewa ubongo wa malaika ndani ya hiyo laptopu, utakuwa unajibu swali la jana.

Hapo ndipo pia unaelewa kwa nini kuongeza P kuliwaletea mtetemo. P kubwa na habari ya kuchelewa ni kusukuma kwa nguvu wakati ambao sio wake, droni inasukuma kulia wakati fimbo ishageukia kushoto, inarekebisha, inapitiliza, inarekebisha tena. Na kama mliweka D, hiyo D inachukua tofauti kati ya picha mbili zenye kelele za pikseli na kuigeuza kuwa amri za kurukaruka, mota zinakimbizana na kelele, ndio huo moto. Mota zikiwa moto namna hiyo shusha droni mara moja, usingoje harufu.

Kuna kitu kingine naona mmepitia haraka, nacho ni kwamba droni haijui kwenda pembeni. Gari la magurudumu ukiliambia nenda kulia linaenda. Droni ya propela nne inajua kusukuma kuelekea juu yake tu, kwa hivyo ili iende kulia lazima kwanza mota za kushoto ziongeze kasi, mwili uanze kugeuka, ufike pembe fulani, ndio nguvu ya propela iegemee kulia, ndio kasi ianze kuja, ndio mwisho mahali pabadilike. Hiyo ni ngazi kadhaa na kila ngazi inakula muda wake. F450 ni fremu kubwa na nzito kiasi, propela za inchi 10 pia zina uzito wa kuzungusha, haigeuki ghafla kama zile ndogo za mashindano.

Halafu inatakiwa iiname kiasi gani? Hii ni nzuri sana kwa darasa la Form Three. Droni inayokaa kimo kile kile ikiinama pembe fulani, mchapuko wake wa pembeni ni g mara tangenti ya hiyo pembe. Na fimbo iliyoinama, ili isiendelee kuanguka, chini yake inahitaji mchapuko wa g mara tangenti ya pembe yake. Ni kitu kile kile! Kwa hivyo fimbo ikiinama digrii 5, droni ikiinama digrii 5 upande huo inasimamisha tu kuanguka, na ili kuirudisha lazima iiname zaidi ya hapo. Droni inayosubiri fimbo ifike digrii 16 ndio ianze kuinama italazimika kuinama zaidi ya 16 na itakuwa imechelewa kufika. Na kuna kioja kingine ambacho kinawapiga watu chenga: ukitaka kuhamisha droni na fimbo yake mita moja kulia, lazima kwanza droni iende kidogo KUSHOTO, ili fimbo iegemee kulia, ndio sasa uikimbilie. Mkiandika programu inayoenda moja kwa moja kulia fimbo inabaki nyuma na inaanguka. Wale wa Zurich hawakupata njia ya kukwepa hilo, ni sheria ya maumbile.

Basi dawa. Ugonjwa ni muda, kwa hivyo tunatafuta muda pande mbili, tunachelewesha fimbo kuanguka na tunaharakisha kuona.

Fimbo kwanza kwa sababu ni ya bure. Tupa hicho kijiti. Tafuta bomba la kaboni la milimita 5 ama 6 hivi, ama mwanzi mwembamba ulionyooka na kukauka, wa mita 1 hadi 1.2, uweke kama gramu 20 kwa ncha ya juu. Jumla yote ikae chini, usipite gramu 60 ama 70, kwa sababu kuna jambo la kwenu huko ambalo vitabu vya Ulaya havikumbuki. Kakamega iko juu, zaidi ya mita 1,500, hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya pwani, na propela ikizunguka kasi ile ile inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Kisumu ni kama asilimia 10, Nakuru inakaribia 17. Droni inayoelea ikiwa imetumia throto (kiwango cha nguvu ya mota) zaidi ya nusu haina akiba ya kurekebisha kwa ghafla, kwa hivyo kabla ya yote angalia kwenye logi (kumbukumbu ya safari) ya ArduPilot inaelea kwa throto ngapi. Ikiwa imepita asilimia 55 hivi, punguza uzito, toa kamera, toa miguu mirefu, ama hata toa GPS. Kwa hii kazi GPS haina faida, inakosea kwa mita na inasasisha mara 5 ama 10 tu kwa sekunde.

Sasa macho. Najua ungependa niseme ni kamera gani ununue lakini ushauri wangu ni muachane na kamera kabisa kwa awamu ya kwanza. Badala ya kikombe weka jointi. Yaani fimbo ishikiliwe chini na jointi yenye mihimili miwili inayopitana, kama ile ya shafti ya lori, kila mhimili na beringi ndogo na enkoda ya sumaku, yaani kipima pembe. Kuna chipu inaitwa AS5600, ni ya bei ndogo na inapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya Arduino, inagawa mzunguko mara 4,096, hiyo ni chini ya digrii 0.1, na unaisoma ndani ya milisekunde moja tu. Tumetoka milisekunde 130 mpaka moja, na hakuna rangi ya machungwa wala mwanga wa dirishani. Mtego mmoja: hizo AS5600 zote zina anwani moja ya I2C (njia ya waya ya chipu kuongea) na haibadilishwi, kwa hivyo ukiunganisha mbili kwa waya mmoja zitagongana na vijana watadhani zimeungua. Tumia ESP32, kompyuta ndogo ya chipu moja, ambayo ina njia mbili za I2C, kila enkoda na yake. Na mkumbuke enkoda inakupa pembe kati ya fimbo na droni, sio kati ya fimbo na wima, lazima ujumlishe na roli na pichi (mwinamo wa kando na wa mbele-nyuma) ya droni yenyewe kutoka Pixhawk.

ESP32 ikae juu ya droni, isukume amri kwa Pixhawk kwa waya kupitia mlango wake wa TELEM2, sio kwa redio, ikirudia kusoma na kuamuru mara 200 kwa sekunde. ArduPilot ina modi ya GUIDED_NOGPS inayopokea amri za pembe kwa MAVLink, ile lugha ya droni kuongea na kompyuta. Na kuna parameta inaitwa ATC_INPUT_TC, kazi yake ni kulainisha amri ndio rubani asikie raha, mara nyingi iko 0.15. Nyinyi hamtaki raha, ishusheni mpaka 0.05. Redio ibaki kwa rimoti ya mtu mzima aliyeshika swichi ya kuzima mota, hiyo haina mjadala.

Mtu atasema fimbo ya jointi ni kudanganya maana ya kwenye video ilisimama tu bila kufungwa. Ni kweli haifanani kabisa, na kwenye maonyesho msiseme ni sawa. Lakini fizikia ya kuanguka ni ile ile, na ikiteleza haiwapigi usoni. Tena anzeni na mhimili mmoja tu, fungeni huo mwingine kwa skrubu, ili fimbo iangukie kulia na kushoto peke yake. Kabla hata ya kuruka, ESP32 hiyo hiyo na enkoda hiyo hiyo mnaweza kuziweka kwenye kigari cha mota mbili sakafuni mkaona kama hesabu zenu zina alama sahihi. Unajua kosa la kawaida kuliko yote kwenye hii kazi? Alama ya kutoa mahali pa kujumlisha, droni inakimbia upande fimbo haiangukii. Kwa kigari hilo kosa ni kicheko, kwa F450 ni propela nne.

Fimbo ikikaa mtakutana na tatizo la pili, na nalisema mapema ili msikate tamaa: droni itatembea. Itashika fimbo vizuri huku inaelekea ukutani taratibu halafu haraka. Hiyo ni kwa sababu wima ya enkoda yenu haitakuwa wima ya kweli, kosa la digrii 1 tu linaipa droni mchapuko wa karibu mita 0.17 kwa sekunde mraba, na kwa sekunde 5 umesogea mita 2. Lazima ijue kasi yake na mahali pake. Hapa nunueni ile sensa ya mtiririko wa picha yenye chipu ya PMW3901 pamoja na kipima umbali cha leza cha VL53L1X, mara nyingi zinauzwa kwa bodi moja, inaangalia chini na kusoma jinsi sakafu inavyopita. Kama kuna kitu nitawaruhusu kutumia pesa ya wazazi ni hicho na enkoda. Ila sakafu ya simiti iliyosuguliwa ni kama haipo kwake, haina cha kushika, na mwanga ukiwa mdogo inapotea. Tandikeni leso mbili tatu za maua makubwa makubwa, fungua madirisha, mtaona tofauti mara moja.

Sasa ndio tuongee ubongo. PID sio ya zamani, ndiyo iko ndani ya Pixhawk saa hii inashikilia droni yenu hewani. Lakini kwa fimbo mnahitaji kuangalia vitu kadhaa kwa pamoja: pembe ya fimbo, kasi ya hiyo pembe, mwinamo wa droni, kasi ya droni na mahali iko. Kila kimoja kinapata geini yake, unazidisha, unajumlisha, unapata mwinamo unaotakiwa. Kubahatisha namba tano kwa kuvunja propela ni ujinga wa gharama, LQR inazitafuta zenyewe ukishaandika hesabu, na Python ina maktaba inaitwa control ambayo inaifanya kwa mstari mmoja bure. Wewe unaelekeza tu ni nini unajali zaidi, fimbo isiiname ama droni isitembee. Halafu kabla ya kuruka jaribuni kwenye simulesheni. Hapo ndani wekeni kuchelewa kwa milisekunde 130 muone inavyoanguka, halafu punguzeni mpaka 20 muone inavyosimama. Nadhani hiyo grafu moja itamnyamazisha kijana wa Jetson kuliko maneno yangu yote.

Nisimwonee lakini, kwa sababu hayuko mbali na ukweli, ameitaja tu mapema. Kuna kazi ambazo kujifunza kwa mashine kunashinda hesabu za mkono. Mwaka 2023 timu ya Davide Scaramuzza ya Chuo Kikuu cha Zurich ilichapisha kwenye jarida la Nature droni inaitwa Swift ambayo ilifundishwa ndani ya simulesheni kwa kujaribu na kupewa alama, halafu ikashindana na mabingwa watatu wa mbio za droni na kushinda mbio nyingi kuliko ilizopoteza. Hiyo ilibeba Jetson mgongoni kweli. Lakini ona kazi yake ilikuwa nini, kuangalia picha za kamera na kupita kwenye mageti kwa kasi ambayo droni iko karibu na mwisho wa uwezo wake, huwezi kurahisisha hiyo kwa namba tano. Kusimamisha fimbo karibu na wima unaweza.

Kuna kujifunza kwa aina nyingine ambako mimi nakupenda zaidi na kunafaa shule. Mwaka 2010 Sergei Lupashin na wenzake hapo ETH walitaka droni ipige sarakasi, ijigeuze hewani mara mbili mpaka tatu kisha itulie. Hawakuiacha ijifunze kutoka sifuri. Waliandika mpango wenye vigezo vichache, droni ikapiga sarakasi, wakapima imekosea wapi mwishoni, hesabu ikasema kila kigezo kirekebishwe kiasi gani, ikarudia. Baada ya majaribio kadhaa ikawa safi. Nyinyi pia fimbo ikishasimama, iambieni droni izunguke duara polepole, itakosea mahali pale pale kila mara kwa sababu betri na propela zenu hazilingani na hesabu, rekodi hilo kosa na ulitoe kwenye amri ya mzunguko unaofuata. Hiyo ni kufundisha kweli na inaingia kwenye ESP32. Kwenye duara fimbo haisimami wima, inaegemea ndani, na droni inaegemea na yenyewe kwa pembe inayokaribia hiyo, nafikiri sasa unajua kwa nini.

Na kama vijana wanataka ndoto, waambie mwaka 2013 Dario Brescianini, Hehn na D'Andrea walifanya droni moja irushe fimbo na nyingine iidake ikiwa imesimama. Ncha za fimbo zilihitaji kitu cha kumeza mshtuko ili isidunde, wakatumia baluni zilizojazwa unga. Unga wa kupikia! Maabara ya mamilioni na bado mtu alienda dukani kununua unga.

Utaniuliza kama mnunue droni ndogo badala ya F450. Kuna Crazyflie ya Uswidi, ina gramu 27 tu, ikigonga mtu haimkati na programu yake iko wazi, kwa kufundishia ni nzuri kuliko chochote. Udogo pia unasaidia wepesi, droni ndogo inageuka haraka zaidi. Shida ni kwamba haibebi, kama gramu 15 hivi, kwa hivyo fimbo yake lazima iwe fupi na fimbo fupi inaanguka haraka, basi kile ulichopata upande mmoja kinaondoka upande mwingine. Ukijumlisha na bei ya kuiagiza, mimi ningebaki na F450 mwaka huu.

Usalama sasa, na hapa mwalimu nakuwa mkali kidogo. Propela ya inchi 10 inakata kidole, na fimbo ya kaboni ya mita moja inayoanguka kutoka kwa droni iko sawa na kimo cha macho ya watoto. Nunueni neti ya kuvulia samaki, Kisumu ziko tele, mzungushie nusu ya ukumbi kutoka dari mpaka chini, watu wote wakae nje ya neti, miwani ya kinga kwa kila mtu, na droni ifungwe kamba nyembamba chini isiweze kupanda zaidi ya mita moja na nusu. Betri za LiPo, hizo za droni, zisichajiwe usiku bila mtu wala kubaki zimejaa wiki nzima, zihifadhi kwa volti 3.8 kwa seli, ndani ya chombo cha chuma, mbali na vitabu. Betri iliyovimba hata kidogo msiijaribu "mara ya mwisho".

Fanyieni ndani. Nje kuna upepo, halafu kuna sheria, kanuni za droni za mwaka 2020 chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, zinataka droni isajiliwe na kuna masharti ya nani anarusha wapi. Sio kitu cha kubahatisha kwa shule, nenda ama wapigie KCAA uwaulize kabla hata ya maonyesho, hasa kama yatakuwa Kisumu ambako uwanja wa ndege uko karibu na mji.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuwasaidia, mtafute mtu wa kushika kwa mkono. Kama droni bila fimbo inatetemeka hata mkirudisha geini za mwanzo, hiyo ni mhimili wa mota umepinda ama propela haijasawazishwa, fundi mzuri wa droni ataisikia kwa sikio. Kama mota moja inapata moto kuliko zingine, ama ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) imewahi kutoa harufu, msiirushe mpaka mtu wa umeme aifungue. Na kwa hizo hesabu za LQR usione haya, MMUST, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, iko hapo hapo Kakamega na ina idara ya umeme na mawasiliano, andika barua ya shule, peleka vijana wawili na logi zao kwa flashi, uliza kama kuna mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetafuta projekti. Watu wa kontrola huwa wanapenda fimbo inayoanguka, karibu kila kitabu chao kina moja.

Kwa mkuu wa shule, mpe bajeti ya vitu vinne: enkoda mbili, ESP32, sensa ya kuangalia sakafu, na neti. Propela za akiba weka kwa mstari wake peke yake usizifiche. Na kama siku ya maonyesho mihimili miwili bado inasumbua, pelekeni ile ya mhimili mmoja na droni imefungwa kamba, pamoja na ile grafu ya milisekunde 130 na 20 kwenye manila, na ufagio kando yake ili majaji wajaribu wenyewe.